Roboti zianzie Nyandolwa

Baruti ikishalipuka chini ya ardhi, mgodi mkubwa husimama. Moshi wake una hewa ya sumu, kwa hiyo watu wote hutolewa, feni husukuma hewa safi, na muda mrefu hupita kabla ya mtu wa kwanza kuruhusiwa kurudi. Hata akirudi, kuna mahali haruhusiwi kukanyaga: lile pango lililoachwa wazi na mlipuko, ambalo paa lake halijafungwa nondo wala wavu. Mawe yenye dhahabu yamelala humo humo. Kwa miaka mingi sasa, kazi ya kuyazoa mahali pa namna hiyo hufanywa na loda isiyo na mtu kitini. Dereva husimama mbali, rimoti yake kifuani, anaiongoza iingie, izoe, irudi kinyumenyume.

Kutoka hapo hadi roboti hapakuwa mbali. Dereva alitolewa handakini, akapandishwa juu, akapewa kiti, skrini na vishikizo viwili vya kuendeshea. Loda nayo ikafungwa vihisi vya leza vinavyopima kuta za handaki, ikajifunza njia, ikawa inakwenda kumwaga mawe na kurudi yenyewe. Binadamu huishika tu wakati wa kuchota. Kwa kuwa haivuti pumzi, inaendelea na kazi wakati moshi wa baruti bado umetanda na zamu moja imetoka kabla nyingine haijaingia. Kwa mwenye mgodi, saa hizo zilizokuwa zinapotea ni fedha taslimu.

Haya hayatokei Australia peke yake, ingawa huko kampuni ya Rio Tinto imekuwa na malori yasiyo na madereva jimboni Pilbara tangu 2008, yakisimamiwa kutoka Perth, umbali wa kilomita zipatazo 1,500. Yapo kwa majirani zetu. Mgodi wa Kibali, mkoani Haut-Uélé, kaskazini mashariki mwa Kongo, una loda za aina hiyo chini ya ardhi, na Wakongo waliokaa ofisini juu ndio wanaozisimamia, mtu mmoja akiangalia zaidi ya mashine moja. Wabia wakuu wa Kibali ni Barrick na AngloGold Ashanti. Barrick ndiyo yenye mgodi wa Bulyanhulu, pamoja na Serikali kupitia kampuni ya ubia ya Twiga. AngloGold Ashanti ndiyo yenye mgodi wa Geita. Teknolojia hii tayari imo katika familia, na ndugu hawaazimani kwa barua.

Hata Nzega imechangia kisa hiki. Mgodi wa Golden Pride, ulioanza kutoa dhahabu 1998 na kuwa mgodi mkubwa wa kwanza wa zama hizi nchini Tanzania, ulikuwa wa kampuni ya Resolute. Shimo lilipokwisha, eneo likakabidhiwa Chuo cha Madini. Kampuni hiyo hiyo iliendelea na mgodi wake wa Syama kule Mali, ikaujenga upya chini ya ardhi ikikusudia malori, loda na mitambo ya kutoboa mwamba vijiendeshe.

Ukanda wetu wa dhahabu unaelekea huko kwa sababu ya kina. Geita ilianza mwaka 2000 kwa mashimo ya wazi, yale unayoweza kusimama ukingoni ukaona malori yanazunguka kama siafu. Mwaka 2016 ikaanza kuchimba chini ya ardhi Star & Comet, na baadaye Nyankanga. Bulyanhulu ilikuwa ya chini ya ardhi tangu ilipofunguliwa 2001, na shafti yake inashuka zaidi ya kilomita moja. Kadiri unavyoshuka, joto linapanda, mwamba unabana, hewa ya kupulizia inagharimu zaidi, na kila binadamu anayeshushwa anahitaji hewa, maji, chumba cha kujihifadhi na njia ya kutokea. Mashine haidai hayo.

Sina ugomvi na hilo. Kumwondoa mtu chini ya paa lisilofungwa ni jambo jema, na anayepinga akaulize familia za waliowahi kuangukiwa na mwamba. Tena kiti cha juu kinamfungulia mlango mama anayenyonyesha, ambaye asingeweza kukaa handakini saa 12. Kinachonikera ni mpangilio. Roboti inakwenda kwanza mahali ambapo tayari kuna feni, kofia, ramani, kikosi cha uokoaji na daktari. Mahali ambapo vijana wetu wanafia, haiendi.

Agosti 2025 watu 25 walifukiwa katika mgodi wa Nyandolwa, wilayani Shinyanga, wakati wa ukarabati wa maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo. Nchi nzima ilifuatilia. Januari 2024, Ng'alita kule Bariadi, katika mkoa jirani wa Simiyu, zaidi ya watu 20 walikufa kwenye kifusi. Oktoba 2015, Nyangalata wilayani Kahama, duara lilititia, na watu wakaamini waliomo wamekwisha. Siku 41 baadaye watano walitolewa hai. Walikuwa wameishi kwa mende, vyura na magome ya miti, na walipatikana kwa sababu wachimbaji wenzao walisikia sauti zao. Siku 41, na chombo kilichowagundua kilikuwa sikio la binadamu.

Linganisha na mgodi wa RZ, mkoani Geita, Januari 2017. Watu 15, akiwamo raia mmoja wa China, walikwama chini. Bomba liliwafikia, wakapandisha ujumbe wa maandishi, wakashushiwa chakula, na siku chache baadaye wote wakatoka hai. Au linganisha na Chile, 2010: wachimbaji 33 walikaa siku 69 kwenye mgodi wa San José, kwenye kina cha mita zipatazo 700. Siku ya 17 mtambo wa kuchoronga uliwafikia, nao wakafunga karatasi kwenye ncha yake kusema wako hai. Tundu jembamba lilitosha kuwaweka hai hadi njia kubwa ilipopatikana.

Lakini ili utoboe tundu likamfikie mtu, sharti ujue alipo. Hapo ndipo maduara yetu yanapofeli. Duara ni shimo la wima, pengine mita 50, pengine zaidi ya 100, lililozibwa kingo kwa magogo tunayoyaita matimba. Chini yake watu hufuata mkanda wa mawe yenye dhahabu kwa sururu, nyundo na moko, kulia, kushoto, kokote unakokwenda. Mwenye duara la jirani naye anafuata mkanda huo huo. Baada ya miaka michache ardhi ya chini imekuwa mapango yaliyoingiliana, na hakuna karatasi inayoonyesha nani amefika wapi. Pampu ya mafuta ikishushwa kuondoa maji, moshi wake unabaki chini. Wengi waliokufa maduarani hawakuangukiwa na jiwe. Walilala kwa kukosa hewa, na aliyeshuka kuwaokoa akalala pembeni yao.

Kwa kila tatizo katika hayo kuna chombo ambacho kipo tayari duniani, wala si cha kubuni. Migodi mikubwa hurusha droni yenye leza ndani ya pango asipoweza kuingia mtu, nayo hutoka na ramani ya pango zima. Kipima hewa cha mfukoni hupiga kelele oksijeni ikishuka au kaboni monoksaidi ikipanda. Kuna kigari chenye kamera na taa kinachotambaa mbele ya waokoaji, na kamera ya kushushwa kwa waya kwenye tundu la kuchorongwa. Kuna vihisi vya kubandikwa kwenye mwamba vinavyopima kama ufa unapanuka, usiku na mchana, bila kusinzia. Hakuna kimojawapo kinachomnyang'anya mtu kazi, maana wanaofukiwa hawakuwa wakilipwa kwa kugundua gesi.

Wako watakaoniambia kwamba mchimbaji mdogo hawezi kumiliki mashine. Wamesahau karasha.

Zamani kidogo, mawe ya maduara ya Geita na Kahama yalipondwa kwa mikono, na sehemu kubwa ya mikono hiyo ilikuwa ya wanawake. Walikaa chini juani, nyundo mkononi, kinu mbele, vumbi la mwamba likiwaingia mapafuni, wakilipwa kwa kiasi walichoponda. Kisha likaja karasha: pipa la chuma linalozungushwa na injini ya dizeli, ndani yake mna mipira ya chuma inayogonganagongana hadi jiwe linakuwa unga. Likafanya kwa saa chache kazi ya wanawake wengi ya siku nzima. Hakuna aliyewaita kikao. Baadhi walihamia kwenye chekecheo, wengine wakawa mamalishe, wengine wakaondoka.

Tazama mwaloni, mahali pa kuoshea mawe, utaona fedha ilikokwenda. Unga wa mawe huoshwa kwa maji juu ya ubao wenye mteremko uliotandikwa magunia au vipande vya zulia. Dhahabu, kwa kuwa ni nzito, inang'ang'ania kwenye nyuzi. Magunia hukung'utwa kwenye karai, zebaki hutiwa, mtu hukanda kwa mikono mitupu, kisha donge huchomwa. Zebaki huambulia chini ya nusu ya dhahabu iliyokuwamo. Iliyobaki inakwenda na mchanga unaoitwa marudio, na marudio mara nyingi huhesabiwa kuwa malipo ya mwenye karasha, ambaye huyauza au kuyapeleka kwa wachenjuaji wa sayanaidi. Aliyeponda mawe kwa nyundo alipoteza kazi. Aliyechimba alipoteza nusu ya dhahabu yake. Aliyenunua pipa na injini alipata vyote viwili.

Ndiyo maana habari za roboti hazinitishi kwa chuma chake. Natazama hati ya umiliki.

Upande wa Shinyanga somo hilo limefika hadi jikoni. Pale Mwadui, mgodi wa almasi ulioanzishwa na John Williamson baada ya ugunduzi wa 1940, almasi hutambuliwa kwa miale ya eksirei. Jiwe likimulikwa, almasi inang'aa, kihisi kinaiona, na pumzi kali ya hewa inalirusha pembeni. Mashine za kisasa za kupanga mchele zinafanya kazi kwa kanuni iyo hiyo: kamera inaona punje nyeusi au kijiwe, pumzi ya hewa inakirusha nje, maelfu ya punje kwa sekunde. Kahama ni mji wa mpunga kama ulivyo mji wa dhahabu. Kuchambua mchele kwenye ungo ni kazi ya kina mama, na mnunuzi wa mjini anazidi kudai mchele uliopita mashineni. Roboti hiyo haina kichwa wala mikono, hivyo hakuna anayeiita roboti, na aliyepoteza kibarua kwa sababu yake hahesabiwi popote.

Kwenye mgodi mkubwa hesabu itaonekana wazi zaidi, na hapa viongozi wetu wa Geita, Msalala na Shinyanga wasikilize. Mrabaha hutozwa kwenye thamani ya madini. Ushuru wa huduma unaokwenda halmashauri hutozwa kwenye mauzo. Dhahabu ikitoka, hayo yanalipwa, awe ameitoa dereva au loda ya kujiendesha. Lakini kodi ya mapato ya mfanyakazi hutoka kwenye mshahara. Michango ya NSSF hutoka kwenye mshahara. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unachangiwa kwa kipimo cha mishahara. Na tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo ni tegemeo la vyuo vya ufundi vya VETA, nayo ni ya mishahara.

Hebu fikiria maana yake. Siku mgodi unapobadilisha madereva kwa mashine, vijana wa mkoa wanahitaji mafunzo mapya kuliko wakati wowote: ufundi wa vihisi, mitandao ya handakini, umeme wa betri, programu. Siku hiyo hiyo mfuko wa kuwafundisha unapungua, kwa sababu ulihesabu vichwa na vichwa vimepungua. VETA Moshi imekuwa na programu ya mafundi wa migodini tangu 2009, na Barrick imefungua chuo cha kufundishia wasimamizi wake pale Buzwagi, kwenye mgodi uliofungwa. Ni mambo mazuri. Ila hakuna kati ya hayo yaliyoandikwa katika sheria kwamba yataongezeka mashine zikiongezeka. Bunge lingeweza kuirekebisha tozo hii ili loda isiyo na dereva ichangie kama vile ina dereva.

Na wenye nyumba za kupangisha Kakola, jirani na Bulyanhulu, waendesha bodaboda wa Geita mjini, mamalishe wa lango la mgodi, hao hawamo kwenye kanuni yoyote. Kahama walionja ladha yake Buzwagi ilipofungwa. Mfanyakazi mmoja akiondoka hula sahani yake ya wali mahali pengine, na mchango wa harusi anautoa huko huko.

Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya 2017, inamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Fedha hizo zimejenga madarasa, zahanati na visima, nasi tunashukuru. Mwaka ujao wa fedha, madiwani wakae na SHIREMA na GEREMA, vyama vya wachimbaji vya Shinyanga na Geita, pamoja na maofisa madini wakazi, waingize kifungu kipya: vipima hewa kwa kila kikundi chenye leseni ndogo, droni moja ya kupimia maduara, vijana waliofundishwa kuchora ramani, na mtambo wa kuchoronga wa uokoaji. Shirika la madini la taifa, STAMICO, lina uzoefu wa mitambo ya kuchoronga kwa ajili ya wachimbaji wadogo, kwa hiyo hakuna cha kujifunza upya. Mtambo huo usiegeshwe Dar es Salaam wala Dodoma. Ukae Kahama, mafuta yamo tangini, na wahudumu wake wanalipwa mwaka mzima hata pasipotokea ajali. Kutoka hapo hadi Nyandolwa, Kakola au Lwamgasa kule Geita ni safari ya saa chache kwa barabara.