Kiongozi Alihama, Chama Kikabaki

Kuchagua mkuu wa chama si kazi ndogo, hata chama chenyewe kikiwa kidogo. Mambo yaliyotokea katika jimbo la Alberta, nchini Kanada, yafaa kufikiriwa na kila mtu aliye mwanachama wa chama cho chote.

Mnamo Oktoba, 2009, chama cha Wildrose Alliance kilikuwa na mjumbe mmoja tu katika Baraza la Jimbo. Walioshindania ukuu wake ni Bibi Danielle Smith, aliyepata kuwa mwandishi wa magazeti, na Bwana Mark Dyrholm, tabibu wa uti wa mgongo. Kila mwanachama alikuwa na kura moja. Bibi Smith akapata karibu robo tatu ya kura zote.

Chama kikakua upesi. Katika uchaguzi wa Aprili, 2012, kilipata viti 17 kati ya 87, kikawa chama kikuu cha upinzani. Lakini tarehe 17 Desemba, 2014, Bibi Smith na wajumbe wenzake wanane walihamia chama cha Progressive Conservative, kilichotawala jimbo tangu mwaka 1971. Watatu walikuwa wamekwisha toka mwezi uliotangulia. Basi wakabaki watano. Bibi Smith alisema kwamba yafaa wenye mawazo yaliyo karibu wafanye kazi pamoja. Huenda shauri lile lilikuwa jema, ila wanachama waliomchagua hawakuulizwa.

Jawabu lilikuja upesi. Mnamo Machi, 2015, wanachama wa chama chake kipya, katika wilaya yake ya Highwood, walikataa kumteua. Mwezi huo huo Wildrose kilimchagua Bwana Brian Jean, na tarehe 5 Mei kikapata viti 21. Chama kilichotawala miaka mingi kikaambulia 10, na serikali ikachukuliwa na New Democratic Party.

Mwaka 2017 vyama vile viwili viliungana kweli, lakini safari hii wanachama wa pande zote mbili walipiga kura kwanza, wakakubali. Bibi Smith mwenyewe alichaguliwa kukiongoza chama hicho cha muungano mnamo Oktoba, 2022, akawa Waziri Mkuu wa Alberta.

Muungano ulikuwa ule ule. Tofauti ni kuulizwa. Kura ya mwanachama humpa mkuu kazi ya kuongoza, wala haimpi chama kiwe mali yake. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.