Kwa Nini Redio za Mbali Zinasikika Usiku?

Tukiweka redio palipoandikwa MW, yaani mawimbi ya kati, mchana tunapata stesheni chache tu. Usiku zinaingia hata za nchi nyingine. Kwa nini?

Sauti ya redio hubebwa na mawimbi. Hatuyaoni, lakini yana urefu. Wimbi la FM lina meta 3 hivi. Wimbi la kati, kwenye namba 1000, lina meta 300. FM huenda moja kwa moja. Kilima kikiikinga, inakatika. Mawimbi ya kati hutambaa juu ya ardhi, na mengine hupanda angani.

Huko juu, kama kilometa 60 hadi 90, jua hutengeneza tabaka linalomeza mawimbi hayo. Usiku tabaka hilo hutoweka. Mawimbi yanapita, yanafika juu zaidi, kisha yanarudishwa chini, mbali sana, kama mpira uliogonga ukuta.

Wako watu duniani wanaosafiri na redio na daftari kwa kupenda tu. Wanaandika tarehe, saa, mahali na stesheni waliyosikia. Sisi tuliojifunza kuandika tunaweza pia. Tukienda Manyoni kutoka Singida, tuandike stesheni inapotea wapi na inarudi wapi. Sauti ikififia, tusikimbilie kuiongeza. Tugeuze redio yenyewe pole pole, maana kidaka mawimbi kimo ndani. Hivyo tutaokoa betri.

Lakini liko jambo kubwa zaidi. Radi nayo hutoa mawimbi. Ndiyo ile kra! kra! tunayoisikia redioni wakati wa mvua. Usiku kelele hiyo yaweza kutoka mbali sana. Mchana ya mbali humezwa, kwa hiyo tukiisikia kwa nguvu mchana, radi haiko mbali. Ikizidi, tuwaite watoto walioko machungani waingie ndani ya nyumba. Wasijikinge chini ya mti. Aliyefunga waya wa redio nje auchomoe mapema. Radi ikishaanza kunguruma, asiuguse.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi kusikiliza redio. Tukae hivyo tena jioni: mmoja ashike redio, mwingine ashike kalamu.