Mkwawa wa Wahehe, Mkwawa wa Wasangu

Barabara itokayo Iringa mjini kwenda Idodi na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha hupita Kalenga, yalipokuwa makao makuu ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kisha karibu na Mlambalasi, alikojipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 ili asitiwe mkononi na Wajerumani. Kwa watu wa upande huu yeye ni shujaa, na ndivyo shule zetu zinavyomfundisha. Lakini Usangu, katika Mkoa wa Mbeya, kuna historia ya watu waliofukuzwa kwao na Wahehe. Wengi hudhani kumtendea haki mtawala wa namna hii ni kupanga sifa upande mmoja na lawama upande wa pili, kisha kutoa wastani. Mimi nasema ushujaa wake na mateso ya majirani zake vilitoka katika chanzo kimoja, na anayevitenganisha haelewi kushinda kwake wala kushindwa kwake.

Baba yake, Munyigumba, aliunganisha koo zilizokuwa zikijitawala. Alipofariki, mwishoni mwa miaka ya 1870, Mkwawa alilazimika kupigania urithi dhidi ya mshindani wake, Mwambambe, akashinda. Wahehe walipigana na Wangoni, wakavamia Ugogo na Usagara, wakawasukuma Wasangu hata Merere, mtawala wao, akahamia Utengule Usongwe, karibu na mji wa Mbeya wa leo. Jeshi lililokomaa katika vita hivyo ndilo lililomsubiri kamanda wa Wajerumani, Emil von Zelewski, pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Zelewski alikuwa amekuja akichoma nyumba njiani, na mizinga yake ilikuwa bado imefungwa juu ya punda. Wahehe walichomoka vichakani na mikuki kabla askari wengi hawajajipanga kufyatua risasi. Zelewski akafa pamoja na Wazungu wengine 9 na askari zaidi ya 200. Nidhamu ya kulala kimya mpaka adui aingie katikati haikuzuka siku ile. Ilifunzwa katika miaka ya kuwapiga majirani.

Vita hivyohivyo ndivyo vilivyomwacha peke yake. Wajerumani walipoiteka ngome ya mawe ya Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894, hakukuwa na jirani mwenye nguvu wa kumpokea. Merere wa Wasangu na Kiwanga, mtawala katika bonde la Kilombero, walikuwa upande wa wageni. Ni rahisi kuwaita wasaliti, lakini hawakuwa raia wa Mkwawa. Kwa Wasangu, bunduki za Wajerumani zilikuwa njia ya kurudi nyumbani, na kweli walirudi. Tena, vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905, wapiganaji wa Kihehe nao waliwasaidia Wajerumani. Kila jamii ilipima hatari iliyokuwa mlangoni pake.

Kuna watakaosema kwamba kumkosoa Mkwawa ni kurudia maneno ya wakoloni. Tahadhari hiyo ina msingi. Wajerumani walitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa kichwa chake. Walimsimika ndugu yake, Mpangile, kisha wakamnyonga mwaka 1897. Watu hao walikuwa na kila sababu ya kumchora kama katili. Ndiyo maana ushahidi wao unapaswa kupokewa hasa pale unapowaumiza wenyewe, kama taarifa za Lugalo, au unapoungwa mkono na Waafrika walioathirika. Kuhama kwa Wasangu hakutegemei kalamu ya Mjerumani.

Kanuni hiyo inamtetea Mkwawa pia. Baada ya Kalenga kuanguka aliwindwa karibu miaka 4 ndani ya Uhehe, huku nyumba zikichomwa na chakula kikiharibiwa. Mkoloni aliweza kudai kwamba watu walimficha kwa hofu tu. Hofu ilikuwepo, kwa kuwa alijulikana kuwa mkali. Lakini hofu peke yake haielezi kwa nini watu wenye njaa waliendelea kumlisha mtawala asiye tena na ngome.

Wengine watasema tunampima kwa mizani ya leo. La. Msangu aliyehama kwao wakati ule hakuhitaji sheria za karne yetu ili ajue ameonewa. Na mizani hiyo haimwachi Merere, kwa maana kabla ya Wahehe kupata nguvu, Wasangu ndio waliokuwa wakiwavamia.

Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa, lililochukuliwa na Wajerumani, nalo lilikabidhiwa Kalenga mwaka 1954 kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge. Kama fuvu lilivyorudi, historia nayo irudi nzima: Mkwawa alikuwa na haki kamili ya kumzuia Zelewski, na Wasangu walikuwa na haki ya kutaka ardhi yao. Mwalimu wa Idodi na mwalimu wa Usangu wafundishe sentensi hiyo nzima, bila kukata kipande chochote.