Kipushi: Siku ya yenga kando ya Kafubu, maji ya kunywa yanatoka nyumbani

Siku ya yenga, kiisha misa na ibada, barabara inayounganisha Lubumbashi na Kipushi inabadilisha sura. Ni kilometa 30 hivi. Malori ya madini bado yanapita, lakini katikati yao kunakuwa moto zilizobeba familia nzima: baba kwenye usukani, mtoto katikati, mama nyuma na sufuria ya bukari iliyofungwa vizuri katika kikwembe ili isipoe. Mbabula inaning'inia pembeni. Hao hawaendi kwenye mpaka wa Zambia kununua unga. Wanatafuta mti wenye kivuli, majani ya kuketi, na mto.

Pikiniki ya hapa haina mambo mengi. Wanatandika mkeka, vijana wanawasha makala, kuku au samaki tomson anapakwa pilipili na kuwekwa juu ya moto. Wazee wanakunywa munkoyo, wengine Simba. Sombe ilipikwa tangu jana yake. Juni na Julai baridi ya Katanga inafanya watu wakae juani na masweta. Oktoba, wakati joto linapanda na mvua bado haijafika, kila mtu anakimbilia kivuli. Na mtoto, baridi ao joto, anataka kitu kimoja tu: kuingia ndani ya maji.

Hapo ndipo wamama wanaanza kuita majina kwa sauti.

Kafubu ni mto unaotoka upande wa Kipushi, unapita kusini ya Lubumbashi na kwenda kumwaga maji yake katika Luapula. Njiani unapokea mto Lubumbashi, ambao nao unapita karibu na kiwanda cha zamani cha kuyeyusha shaba, kile chenye bomba refu na kilima cheusi ambavyo kila Mlushois anavijua. Kipushi yenyewe ilizaliwa na mgodi. Union Minière ilianza kuchimba mwaka 1924, Gécamines ikafuata, na kwa miaka mingi shaba na zinki vilitoka chini ya ardhi. Mabaki ya kusaga mawe yalirundikwa kando ya mji. Mvua ikinyesha, sehemu ya vumbi hilo inashuka katika vijito, na vijito vinaenda Kafubu.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima maji na matope ya mito ya eneo hili mara nyingi. Wanakuta shaba, kobalti, zinki, risasi na kadimiumu. Mwaka 2009, wao na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya mkojo wa wakaaji wa Katanga: waliokaa karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti nyingi kuliko waliokaa mbali, na watoto walikuwa na nyingi kuliko wakubwa. Sababu si ngumu kuelewa. Mtoto anacheza chini, anaweka vidole kinywani, na akiogelea anameza maji.

Kuoga mara moja kwa mwaka si sawa na kunywa maji hayo kila siku, na ni vizuri kusema hivyo ili watu wasiogope bure. Wenye kubeba mzigo mkubwa ni wale wanaoishi kando ya mto, wanaofua humo, wanaomwagilia humo mboga zinazouzwa sokoni. Lakini hata mgeni wa siku ya yenga ana hatari zake: bilharzia katika maji yaliyotulia, kipindupindu ambacho kinarudi Haut-Katanga mara kwa mara, na mashimo ambayo hayaonekani maji yakiwa na matope.

Wazee wa Kipushi wanakumbuka wakati mwingine. Kampuni ilijenga kambi, shule, hospitali, na pia mahali pa kupumzika: viwanja vya mpira, cercle, pisini. Mfanyakazi hakuhitaji kutafuta mto ili watoto wake waoge. Haikuwa paradiso. Mpaka uhuru wa 1960, sehemu za wazungu na sehemu za weusi zilikuwa mbalimbali. Kisha mambo yakaanguka. Mgodi wa Kipushi ulisimama mwaka 1993, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mpango ulioitwa wa kujipendea.

Sasa mgodi umeamka. Uzalishaji wa zinki ulianza tena Juni 2024, chini ya KICO, ushirika wa Ivanhoe na Gécamines. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inasema asilimia 15 ya ushuru wa madini iende kwa mamlaka za mahali mgodi ulipo, na kampuni itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Pesa hizo zinaombwa na shule, barabara na zahanati, na hakuna atakayebisha kwamba hizo ndizo za kwanza. Lakini choo viwili, bomba la maji safi na kibao kinachoonyesha matokeo ya vipimo vya mto vingegharimu kidogo sana. Kibao hicho ndicho wazazi wanakosa zaidi.

Kwa kukosa kibao, wamama wamejitungia sheria zao. Bidoni ya maji ya kunywa na ya kunawa inajazwa nyumbani. Mboga haioshwi mtoni. Wanaketi upande wa juu, mbali na mahali maji ya mji yanapoingia. Mtoto mwenye kidonda haguswi na mto, anapewa mpira. Wakirudi, wote wanaogeshwa tena kwa sabuni, hata kama wamechoka na wanalia.

Saa kumi na moja, moshi wa mbabula unapungua na moto zinaanza kunguruma. Barabara ya Kipushi haina taa sehemu kubwa, na malori hayapumziki siku ya yenga. Sufuria tupu zinarudi ndani ya kikwembe, na bidoni, ambayo sasa ni nyepesi, inafungwa nyuma kwa kamba ya mpira.