Taa ya Gari Ikiwaka, Usikimbilie Kununua Spea

Mama mwenzangu mpendwa, wengi wetu siku hizi tunaendesha magari. Tunapeleka watoto shule, wagonjwa hospitali na wazee wetu ibadani. Lakini gari likileta shida tunanyamaza, tukisema hayo ni mambo ya akina baba. Nami nilikuwa hivyo, mpaka masika moja yaliponifundisha.

Mume wangu alikuwa amenunua gari dogo la Kijapani lililotumika, lenye tabo na mbio nyingi. Jioni moja nikitoka zamu kurudi nyumbani Kihonda, nilipita Msamvu mvua ikinyesha. Ghafla gari liliishiwa nguvu. Nilikanyaga mafuta hadi chini, likawa linatambaa tu, hata baiskeli zikanipita. Mbele yangu ziliwaka taa mbili kwa pamoja: ya injini, na ile yenye picha ya gari linaloteleza.

Kesho yake fundi alizitazama taa zile, akaandika orodha: pedali ya mafuta, throto na kompyuta ya breki. Jumla yake ilikaribia ada ya watoto wetu wawili. Mume wangu alikuwa tayari kuitoa. "Mama, gari ndiyo miguu yetu," alisema.

Usiku ule tulizungumza sana. Nikamwambia, "Baba, wodini si kila homa ni malaria. Tunapima kwanza, ndipo tunatoa dawa. Gari letu lipewe dawa bila kupimwa?" Nikamkumbusha mfano wa Bwana Yesu wa mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba hana budi kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Akakubali tutafute fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari.

Mashine ilionyesha kasoro kwenye waya za throto. Fundi alifungua boneti, akazifuata kwa mkono, akakuta panya ameutafuna waya mmoja. Kumbe gari lilikuwa likilala kando ya magunia yetu ya mahindi! Waya ukaungwa, kasoro ikafutwa kwenye kompyuta, gari likapona. Ada haikuguswa.

Ugonjwa mmoja, taa mbili

Throto ni mlango unaopitisha hewa kuingia kwenye injini. Zamani pedali iliuvuta kwa kebo. Katika magari mengi ya sasa, sensa za pedali hupeleka taarifa kwa kompyuta, na mota ndogo hufungua mlango huo. Taarifa zisipolingana, kompyuta hupunguza nguvu kwa makusudi, ili gari lisije likakimbia lenyewe.

Mfumo wa kuzuia kuteleza nao huitegemea throto hiyo hiyo. Gurudumu likizunguka ovyo matopeni, mfumo hupunguza nguvu ya injini au hushika breki ya gurudumu hilo. Basi throto ikiugua, mfumo huo nao hujizima na taa yake huwaka.

Chunguza haya kwanza

1. Taa ya kuteleza ikimetameta unapopita kwenye utelezi, mfumo unafanya kazi, punguza mwendo. Ikibaki imewaka, angalia kama kitufe chake kimezimwa kwa bahati mbaya. Kama sivyo, gari lipimwe.

2. Tairi zote nne ziwe za saizi moja. Tairi tofauti huidanganya kompyuta, na tairi kipara haiokolewi na mfumo wowote.

3. Betri dhaifu, au sensa ya gurudumu iliyojaa matope, huweza kuwasha taa hizo.

4. Vumbi letu la kiangazi huziba chujio la hewa, na masizi kwenye throto hufanya injini isitulie gari likiwa limesimama. Mara nyingi kusafisha kunatosha.

5. Ukikwama matopeni na gari halina nguvu ya kutoka, zima mfumo kwa kitufe chake. Ukishatoka, uwashe tena.

Pedali ikinasa

Hapa ni suala la uhai. Agosti 2009, huko California, Marekani, watu 4 wa familia moja walikufa baada ya kapeti lisilo la gari walilokuwa wakisafiria, aina ya Lexus, kunasa pedali ya mafuta. Mwezi uliofuata kampuni ya Toyota ilitangaza tahadhari ya kapeti kwa magari yapatayo milioni 3.8 nchini humo.

Kwa hiyo usitandike kapeti juu ya kapeti. Chupa ya uji ya mtoto na kandambili visikae miguuni pa dereva. Pedali ikinasa, kanyaga breki kwa nguvu bila kuachia, weka gia huru, usogee kando ya barabara, na ukishasimama ndipo uzime injini. Usichomoe ufunguo gari likiwa linakwenda, maana usukani unaweza kujifunga.

Akina mama, kuuliza si kumdharau baba wala fundi. Fundi akitaja spea, mwulize kwa upole: "Mashine imesema nini?" Swali hilo moja liliokoa ada ya wanangu. Magunia ya mahindi nayo tumeyahamishia stoo, na gari sasa linalala peke yake. Bwana awalinde safarini.