Vijana Wajifunze Kupatanisha

Mkoani Singida, ng'ombe wakiingia katika shamba la alizeti, mkulima huona jasho lake la mwaka mzima limepotea, na mfugaji huhofia mifugo yake. Hapo neno moja baya laweza kumwaga damu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iliweka Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe 7, wakiwamo wanawake wasiopungua 3. Kazi yake ni kupatanisha, wala si kuhukumu.

Basi twasema: kijana aliyepelekwa kujifunza kazi katika shirika la usuluhishi asiishie mjini akipanga mafaili. Na aketi barazani, asikilize pande zote mbili, aandike yaliyokubaliwa. Mpatanishi asiyejua kusikiliza huchochea ugomvi aliotumwa kuuzima.