Dang'a na walinzi wa utumbo wa ndama

Ndama anapozaliwa, ini lake halina akiba ya maana ya vitamini A. Kondo la nyuma la ng'ombe hupitisha kiasi kidogo tu cha vitamini hiyo, na kingamwili za mama hazipiti kabisa. Zote mbili humngoja kwenye dang'a, ambayo unjano wake hutokana na betakarotini, malighafi ya vitamini A.

Habari za kingamwili wafugaji wengi wameshazisikia. Vitamini A bado huhesabiwa kuwa ya macho tu, na hilo linanisikitisha, kwa sababu ndama wengi wachanga huuawa na kuhara, na utumboni ndipo vitamini hii inapofanya kazi kubwa.

Ndani ya mwili hugeuzwa kuwa asidi ya retinoiki. Asidi hii huingia hadi kwenye kiini cha seli na kuamua jeni zipi zifanye kazi, zipi zitulie. Mwaka 2004 Makoto Iwata na wenzake wa Japani walionyesha, kwa kutumia panya, kwamba baadhi ya seli za kinga za utumbo huitengeneza zenyewe, kisha huitumia kuzitia seli-T, ambazo nazo ni seli za kinga, alama ya kuzirudisha utumboni. Bila alama hiyo seli-T huzunguka kwenye damu, na utumbo hubaki na walinzi wachache. Seli-B nazo, seli za kinga zinazotengeneza kingamwili, huihitaji asidi hii ili zitoe IgA, kingamwili zinazolinda ute wa utumbo.

Basi kinga ya ndama huanzia kwenye hori la mama yake. Majani yakikauka juani hupoteza karotini, na mabua ya mahindi ya kiangazi karibu hayana kitu. Ini la ng'ombe mkubwa huweka akiba ya miezi kadhaa. Ukame ukirefuka, huisha. Miezi miwili ya mwisho ya mimba mtafutie matete mabichi, majani ya viazi vitamu au lukina. Ndama akizaliwa, anywe dang'a ndani ya saa 6, kiasi cha asilimia 10 ya uzito wake.

Sindano za vitamini A zipo, lakini kipimo akitoe daktari wa mifugo. Ziada hurundikana mwilini. Ndama aliyezidishiwa mno, mifupa ya miguu yake ya nyuma huacha kurefuka mapema, akashuka kiunoni kama fisi, na tiba haipo.